Betri za Baba Mkwe na Soketi ya Jirani

Kibanio chekundu kilikuwa kimeshakaa kwenye ncha chanya ya betri. Nilikuwa natafuta pa kukibania kile cheusi, nimepiga magoti kwenye stoo ya wakwe zangu kati ya gunia la mkaa na makopo ya rangi, na mke wangu ameshika tochi juu ya bega langu.

"Fundi, mkono unatetemeka," akasema.

"Hautetemeki. Tochi ndiyo inayotikisika."

"Tochi ninayo mimi. Mimi sitetemeki."

Nikarudi kwenye kibanio. Nimeoa mwanamke ambaye ukibishana naye ukiwa na haki unashindwa, sembuse ukiwa huna.

Kibanio kikauma. Kitaa cha chaja kikawaka chekundu, nami nikashusha pumzi. Umeme wa waya, ule wa nguzo za mtaani, ulikuwa unaingia kwenye betri za jua za baba mkwe. Kama angefungua mlango wa stoo wakati ule, ningekuwa mkwe wa kwanza kufukuzwa kwa kosa la kujaza betri.

Wewe uliyelikosa gazeti wiki iliyopita usisikitike, hukukosa mazuri. Betri niliyoiweka chini ya kitanda chetu ilivuja ikala godoro. Ilikula upande wa mke wangu na kuuacha wangu, jambo ambalo sikuweza kulieleza likaeleweka. Akafunga mizigo akarudi kwao. Nikamfuata. Baba yake hakunigombeza, alinipa kazi.

"Mkwe," aliniambia, "ufundi wako ndio uliomfukuza binti yangu, basi umrudishe huo huo. Nyumba hii isizimike mpaka Jumapili. Jumapili ikitukuta tunawaka, mchukue mwenzako. Ikizimika kabla, utarudi na bisibisi zako."

Kibanio kile kilipouma, ilikuwa Jumamosi asubuhi.

Baba mkwe ni kinyozi. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho duka: kioo kimoja kirefu, kiti cha kuzunguka ambacho kiliacha kuzunguka zamani, na benchi la wateja ambao nusu yao hawana nywele za kunyoa. Wanakuja kuzungumza. Siku alipofungiwa paneli za jua alikwenda mwenyewe kuomba mita yake ing'olewe, ikang'olewa mchana kweupe huku mtaa mzima ukitazama. Akatangaza kwamba kuanzia pale yeye na jua wanaelewana bila mtu wa kati. Ndiyo maana anaitwa Mzee Jua. Na sheria ya nyumba ni moja tu: umeme wa nguzo hauvuki kizingiti chake.

Basi, siku niliyoingia mimi, na wingu likaingia.

Anga lilikaa la kijivu kama shuka nyeupe iliyofuliwa pamoja na soksi. Paneli zilikuwa juu ya bati zinaangalia juu, kama wateja waliokuta duka limefungwa na hawajui waende wapi. Kila nikipima betri, zimeshuka. Ijumaa jioni nilijua kwamba hazitafika Jumapili.

Lakini kilichonisumbua si wingu. Wingu nalijua. Kilichonisumbua ni kwamba nyumba ile ina taa chache, redio moja na mashine mbili za kunyolea. Vitu vyepesi hivyo, hata kwa anga lile, havikupaswa kuzichosha betri mbili kubwa namna ile.

Mimi sikusomea kazi hii. Nimejifunza kwa kufungua vilivyokufa na kuuliza walionitangulia, na kanuni niliyopewa ni kwamba hesabu ikikataa, usiilaumu hesabu, tafuta ulichokisahau. Nikakagua chumba kwa chumba, soketi kwa soketi. Nikafuata waya kwa vidole hadi unapoingia ukutani. Sikukuta kitu.

Nilikagua nyumba nzima isipokuwa jikoni.

Jikoni ni kwa mama mkwe, na mimi si mtu wa kumpekulia mama mkwe masufuria. Nilisimama nje ya mlango, nikainamisha kichwa, nikamuuliza, "Mama, samahani, humo ndani kuna kitu kinachotumia umeme?"

"Mwanangu," akanijibu akiwa ndani, "humu tumo mimi na mwiko."

Nikashukuru, nikaondoka.

Ndipo nikapata wazo la chaja. Niliiazima kwa fundi wa magari aliye karibu na kwetu, chaja nzuri, ina swichi ya polepole na ya haraka. Kilichobaki ni pa kuichomeka. Ng'ambo ya ukuta wa uani anakaa mfanyakazi wa shirika la umeme, yule anayepita nyumba kwa nyumba kusoma mita. Mtaa unamwita Mita, na yeye anaitika. Barazani kwake kuna soketi, umbali wa mkono tu kutoka kwenye ukuta.

"Nitapitisha waya wa kurefushia kwenye ile nafasi ya bomba la maji," nikamweleza mke wangu. "Baba akiwa dukani, hataona."

"Soketi ya jirani?" akauliza.

"Ndiyo."

"Ya barazani?"

"Hiyo hiyo."

"Umeshaifikiria hesabu yake?"

"Kwa utulivu kabisa."

Akanitazama kidogo, kisha akageukia ukuta na kucheka peke yake. Nikadhani ni dalili njema. Tangu nifike alikuwa hajacheka mbele yangu, hata kwa kuugeukia ukuta.

"Haya," akasema. "Mke wa Mita nitaongea naye mimi. Na kuchomeka nitachomeka mimi."

Hivyo ndivyo kilivyowaka kile kitaa chekundu.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipoanza kuaibika na sikujua.

Nilisubiri, nikapima. Betri zilikuwa zimeshuka.

Nikageuza kipimo nikakiangalia mgongoni, kana kwamba jibu limeandikwa huko. Nikapima tena. Zimeshuka zaidi.

"Zinajaa?" mke wangu akauliza akiwa mlangoni.

"Zinaanza kuzoea."

"Betri nazo zinazoea? Nilidhani ni watu tu."

Nikafikiri polepole, kama ninavyofikiri siku zote. Chaja inafanya kazi, kitaa kinawaka. Waya ni mzima. Vibanio vimeuma. Basi labda chaja inaingiza kidogo kuliko nyumba inavyotoa. Dawa yake ni nini? Kuongeza. Nikageuza swichi kutoka polepole kwenda haraka. Chaja ikanguruma kwa furaha, nikaridhika, nikafuta mikono.

"Mkwe," baba mkwe akaita kutoka dukani. "Njoo ushike kioo, huku tuna mgeni wa heshima."

Mgeni wa heshima alikuwa Mita mwenyewe. Alikuwa amekaa kwenye kiti amefungwa shuka shingoni, na upande wa kushoto wa kichwa chake ulikuwa umeshanyolewa. Benchini walikaa watatu. Mmoja alikuwa seremala, wale wengine wawili sikuwahi kujua kazi zao, maana kila nilipowaona walikuwa hapo.

"Jirani," Mita alikuwa anasema, "jua leo vipi? Limeripoti kazini au limeomba ruhusa?"

"Jua lipo," akasema baba mkwe, mashine inavuma mkononi. "Nyinyi mnaokaa chini ndio hamlioni."

"Sisi wa nguzo hatuhitaji kuliona. Tunabonyeza tu."

"Mnabonyeza na mnalipa. Inamisha kichwa."

"Siku ukizidiwa niite, Mzee. Nitakuletea mita mpya mpaka mlangoni. Nitaifunga kwa heshima, hata sitapiga kelele."

"Siku nikizidiwa," akasema baba mkwe, "utaona paka wananyolewa hapa, na wamepanga foleni."

Benchi likacheka. Mimi nilikuwa nimeshika kioo nyuma ya kichwa cha Mita nikitabasamu kama mtu asiye na chaja stoo.

Hapo ndipo inveta ya stoo, ile inayogeuza umeme wa betri uwe wa nyumba, ilipoanza kulia kwamba betri zinaisha. Ina mlio mwembamba, wa kukatika na kurudi.

"Nini hicho?" baba mkwe akauliza.

"Panya, baba."

"Panya gani analia kwa mpangilio hivyo?"

Sikupata nafasi ya kujibu. Mlio ukakatika. Taa ya juu ya kioo ikapepesa ikazimika, redio ikameza neno katikati, na mashine mkononi mwa baba mkwe ikashusha sauti, ikaguna, ikanyamaza.

Mita alikuwa nusu ana nywele, nusu hana.

Baba mkwe aliitazama mashine, akaitikisa, akaiweka mezani taratibu sana. Kisha akanitazama mimi. Nilijua Jumapili yangu imeishia hapo. Nilimwona mke wangu mlangoni pa duka, ameegemea, ametulia kabisa, na nikawaza kwamba nitaondoka nimebeba chaja ya watu mkono mmoja na kipimo mkono mwingine, peke yangu.

"Mkwe," akasema baba mkwe.

"Naam, baba."

Kabla hajaendelea, sauti ya mwanamke ikavuka ukuta wa uani, ikapita jikoni, ikatufikia dukani wazi kama tangazo.

"Mama jirani! Na kwetu kumezimika! Hebu chomoeni mchomeke tena!"

Alikuwa mke wa Mita.

Seremala akakohoa. Wale wawili wasio na kazi wakasogea mbele ya benchi kwa pamoja.

Baba mkwe akageuza kichwa polepole kumwangalia aliyekaa kwenye kiti. Mita alikuwa amefumba macho. Alifanya kama mtu aliyepitiwa na usingizi.

"Jirani," baba mkwe akasema kwa upole.

Mita hakufumbua.

"Jirani, mkeo anaomba nyumba yangu ichomeke tena. Wewe unaelewa anachosema?"

"Waya wetu kutoka nguzoni uliungua," Mita akasema, macho bado yamefumbwa. "Kitambo kidogo. Nimeandikisha ofisini."

"Ofisini kwako."

"Ofisini kwangu. Nasubiri zamu kama wateja wengine. Siwezi kuruka foleni, Mzee, ni suala la maadili."

"Na wakati unasubiri?"

Mita akavuta pumzi. "Wakati nasubiri, mama wa nyumba hii aliona maziwa anayoyahifadhi mke wangu kwenye friji yataharibika. Akatupitishia waya kutoka jikoni kwake, nikauunga na nyaya za nyumba yangu."

Nikasikia friji, na hesabu yangu yote ikakaa sawa kwa mara ya kwanza tangu nifike. Nikaelewa pia nilichokifanya tangu asubuhi. Soketi ya barazani kwa Mita ilikuwa inakula umeme wa betri za stoo. Chaja yangu ilikuwa inakula kwenye soketi hiyo ili izilishe betri hizo hizo. Nilikuwa nachota maji kwenye pipa na kuyamwaga kwenye pipa lile lile, kwa ndoo inayovuja. Na nilipoona maji yanapungua, niliongeza kasi ya kuchota.

Mama mkwe akatokea kwenye mlango wa ndani anafuta mikono.

"Mama," nikamwambia kwa heshima zote, "ulisema jikoni mko wewe na mwiko."

"Uliuliza kuna kitu gani kinachotumia umeme humu ndani, mwanangu. Friji haiko humu. Iko kwa jirani."

Na kwa kweli hakuwa amesema uongo.

"Sasa wewe," baba mkwe akamgeukia Mita, "unakula kwangu, halafu unakuja kulitukana jua langu ukiwa kwenye kiti changu?"

"Ningenyamaza ungeuliza kwa nini nimenyamaza," akasema Mita. "Miaka yote nakutania. Nikiacha ghafla si utashtuka?"

Nilisubiri radi. Badala yake mabega ya baba mkwe yakaanza kutikisika. Alicheka bila sauti, kwa muda mrefu, mpaka akashika mgongo wa kiti. Kisha akavuta droo, akatoa mkasi na wembe.

"Kaa vizuri," akamwambia Mita. "Upande huu wa kulia tutaumaliza kwa mkono. Hauna haraka. Na wewe seremala, usiondoke, kuna mambo nataka nimuulize jirani kuhusu joto la maziwa."

Nilikuwa nimeshaanza kurudi nyuma na kioo changu.

"Mkwe, wewe nawe bado," akasema bila kugeuka. "Umeizima nyumba yangu."

"Ndiyo, baba. Na kabla hujasikia kwa mwingine, nilikuwa najaribu kuzijaza kwa umeme wa waya. Nilichomeka kwa jirani. Nilikosea mara mbili, kwa sheria yako na kwa hesabu."

Mkasi ukasimama hewani. Mke wangu, pale mlangoni, aliinua uso kidogo.

"Umejaza betri zangu kwa umeme wa nguzo," baba mkwe akarudia.

"Nilijaribu. Haukuingia hata tone."

"Kwa hiyo haukuvuka kizingiti."

"Haukuvuka, baba."

Akafikiri. Mkasi ukaendelea.

"Nikubebeshe mzigo wa mtu mmoja, kumbe umebeba wa wawili, halafu nikulaumu kwa kuchuchumaa? Hapana. Hii ya leo siihesabu. Lakini sikiliza. Sasa kuna watu wananitegemea." Alilitamka hilo neno kama mtu anayeonja asali. "Siwezi kumwacha mfanyakazi wa shirika la umeme alale gizani wakati mimi nipo. Mtaa utanielewaje? Zichukue betri uzipeleke pale mashineni wanaposaga unga, uzijaze."

"Kule ni umeme wa nguzo, baba."

"Najua ni wa nini."

"Na sheria?"

"Mtu akiishiwa damu," akasema, "anauliza ni ya nani? Anawekewa. Akipona atakula vya kwao. Jirani, inamisha kichwa."

Nilikwenda mbio mashineni kuomba nafasi. Mwenye mashine alikuwa anafunga.

"Zilete kesho alfajiri," akasema. "Na uweke polepole, siyo ile haraka yako. Habari zimeshafika huku."

Nilikuwa sijamaliza hata mitaa miwili.

Niliporudi, mwanga wa mchana ulikuwa unaisha. Toroli la jirani lilikuwa limeshaegeshwa uani. Nikaingia stoo kulegeza nati za betri ili alfajiri iwe kupakia tu. Mke wangu akaja na tochi, lakini tochi nayo ilikuwa imechoka, inatoa mwanga wa njano unaofika nusu ya njia.

Nilifungua nati ya kwanza. Nikafungua ya pili. Nilikuwa na furaha, nisiseme uongo. Baba amesamehe, jirani amepatikana, alfajiri betri zinakwenda kujazwa, na Jumapili ni kesho.

"Mama yako ni hodari," nikasema. "Kupitisha waya mpaka kwa jirani na mimi nisione."

"Mama anaogopa umeme," mke wangu akasema. "Hata pasi hajawahi kuichomeka. Anatuita sisi."

Spana ikasimama.

"Sasa waya wa friji nani alimchomekea?"

"Unadhani nani?"

Nikageuka. Uso wake ulikuwa kwenye giza, nilimwona mkono tu na ile tochi.

"Kwa hiyo asubuhi," nikasema, "wakati nabana vibanio, ulijua chaja inakula wapi."

"Nilikuuliza mara mbili. Soketi ya jirani, ya barazani. Ukasema umeifikiria kwa utulivu."

"Ungeniambia tu."

"Ningekwambia, ungechomeka kwingine. Zingejaa." Akahamishia tochi mkono wa pili. "Na zikijaa, kesho naondoka."

Maneno hayo aliyasema bila ukali wowote. Ningependa angekuwa mkali, ukali ningejua pa kuushikia.

"Hutaki kurudi?" nikauliza.

"Hilo ndilo swali lako?"

"Ni swali."

"Ngoja nikuhesabie wewe unayependa hesabu," akasema. "Baba umemuuliza, mkakubaliana. Mama umemuuliza mpaka habari za mwiko. Mwenye mashine umemkimbilia kabla hajafunga. Betri unazipima asubuhi, mchana na jioni, unajua ipi imeamka vibaya. Mimi tangu umefika, nani ameniuliza kitu?"

Nikatafuta jibu kwa utaratibu wangu, nikianzia siku niliyofika na kuja mbele. Nilipita siku moja moja. Sikulikuta.

Dukani walikuwa wanacheka. Kwa vicheko vile, upande wa kulia wa Mita ulikuwa haujaisha.

Nikaweka spana chini. Nikafuta mikono kwenye suruali, nikasimama mbele yake kadiri makopo ya rangi yalivyoniruhusu.

"Basi nakuuliza," nikasema. "Wewe. Siyo kwa ahadi ya baba yako. Unataka turudi?"

Tochi ikafifia ikabaki uzi mwekundu, halafu hata uzi haukuwepo. Nikamsikia anapumua. Nikadhani anatafuta neno, kisha nikadhani anacheka, na sikuwa na kitu cha kupimia.

"Kesho," akasema. "Ukiniuliza kwenye mwanga. Nataka kukuona uso ukiwa unauliza."

Akatoka. Nikapapasa sakafuni kutafuta spana, sikuipata, na nati mbili zilizobaki nikaziacha kwenye betri.